Kupunguza uzito: unasimama wapi, na unaanzaje kutunza ulichopata?

Shangazi wa Tabata (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nyuzi za kuanza kupunguza mwili zimejaa humu: nianze vipi, nile nini asubuhi, nifunge saa ngapi, kitambi kinatokaje. Tangu Profesa Mohamed Janabi, daktari bingwa wa moyo, aanze kuzungumza hadharani kuhusu kufunga na kupunguza wanga, hata kwenye daladala unasikia watu wanabishana kuhusu mlo mmoja kwa siku. Ni jambo jema sana. Ila uzi wa kusimama siuoni. Mtu akishapungua, nani anamwambia basi, inatosha, sasa kazi imebadilika? Wengi wanaendelea kukaza mpaka mwili unagoma. Wengine siku mzani unaposoma ile namba waliyoitaka wanaachia kila kitu, na mwaka haujaisha wamesharudi walikotoka.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili anayetaka kupinga apinge. Uzito wa kusimama ni ule ambao vipimo vyako vya afya vimekaa sawa, na namna ya kula iliyokufikisha hapo unaweza kuishi nayo miaka kumi bila kuteseka. Kama mambo hayo mawili yamekutana ukiwa na kilo 74 na wewe ulikuwa unaitafuta 65, simama kwenye 74.

Namba inasumbua watu kwa hiyo tuiangalie. BMI wengi mnaifahamu: chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa mita, halafu gawanya tena kwa urefu huohuo. Shirika la Afya Duniani linahesabu uzito wa kawaida kuwa kati ya 18.5 na 24.9. Sasa chukua mwanamke mwenye sentimita 160. Uzito wake wa kawaida unaanzia kama kilo 47 na kuishia karibu 64. Hapo katikati pana kilo 16 nzima! Anayeniambia "uzito wangu sahihi ni 55" huwa namuuliza hiyo 55 kapewa na nani. Mara nyingi jibu ni kwamba ndizo kilo alizokuwa nazo akiwa kidato cha nne, au kabla ya mtoto wa kwanza. Mwili wa miaka 17 ulikuwa wa miaka 17. Huu wa leo umezaa, umelea, umekaa ofisini, na haudaiwi kurudi kule.

Halafu BMI haijui mafuta yamekaa wapi, na mafuta ya tumboni ndiyo yenye matata na sukari, presha na moyo. Kwa hiyo nunua tepu ya fundi cherehani. Pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa juu wa nyonga, ukishatoa pumzi, bila kuvuta tumbo ndani. Mwongozo rahisi ni kwamba kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Mwenye sentimita 160 abaki chini ya 80. Nimeona watu ambao mzani umekataa kushuka kwa wiki kadhaa huku tepu ikiendelea kupungua, na bado wanalia kwamba wamekwama.

Na jamani, faida nyingi zinapatikana mapema kuliko tunavyodhani. Utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari uliotolewa mwaka 2002 uliwapa watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Hatari ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Asilimia 7 ya mtu wa kilo 90 ni kilo 6 na kidogo. Wapo wenye kilo 90 wanaopunguza kilo 10 halafu wanajiona wameshindwa kwa sababu hawajafika 60.

Karibuni tujadili. Walioshasimama watueleze walijuaje.

---

Kijana wa Ubungo

Nakazia. Mimi sentimita 175, kilo 79, kiuno 86. Kumbe nusu ya urefu wangu ni 87 na nusu. Nilikuwa napanga kushuka mpaka 70 kwa sababu tu mwenzangu wa jimu ana 70.

---

Chuma Hakiliwi

Mleta uzi, kwa heshima yote, hapa unawapa watu kisingizio. Mtu ana BMI 29, amepunguza kilo chache, anaanza kusikia njaa, anasoma huu uzi anasema "Shangazi kasema nisimame". Njaa ipo, ndiyo kazi yenyewe. Aliyeweza kushuka kutoka 95 hadi 85 anaweza kushuka hadi 72. Akisimama katikati hataanza tena, nawajua wengi. Mimi nasema mtu aende moja kwa moja mpaka aingie chini ya 25, ndipo tuzungumze habari za kutunza. Tatizo la watu wetu ni nidhamu.

---

Shangazi wa Tabata

Mkuu Chuma, nashukuru umelileta wazi, maana wengi wanalifikiria hivyo kimoyomoyo. Nitakujibu kirefu kidogo.

Njaa ya saa nne asubuhi kabla ya chai ni kitu kimoja, na njaa ya mwili uliobanwa miezi mingi ni kitu kingine kabisa. Mwaka 1944, Marekani, mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwachukua vijana 36 wenye afya njema waliojitolea, akawapunguzia chakula kwa miezi sita mpaka wakapoteza karibu robo ya uzito. Wale hawakuwa watu wasio na nidhamu. Lakini walifika mahali wanakusanya vitabu vya mapishi, wanaota chakula, wanalamba sahani, wanasikia baridi wakati wengine wanatoka jasho, hawataki kuongea na watu. Walipoanza kulishwa tena, wengine walikula mpaka tumbo linauma na bado wanasema hawajashiba. Kumbuka hao walianza wakiwa wembamba, kwa hiyo si sawa moja kwa moja na mtu wa kilo 95. Ila dalili ni zilezile ninazozisikia kwa watu waliokaza kupita kiasi: mchana kutwa kichwani ni chakula tu.

Mwili wenyewe unapambana. Mwaka 2011 watafiti wa Australia waliwapa watu wanene mlo mdogo sana kwa wiki 10, kisha wakapima homoni za njaa na kushiba. Mwaka mmoja baadaye zilikuwa bado hazijarudi zilipokuwa, na bado zilikuwa zinasukuma watu kula. Kevin Hall wa Marekani naye alikokotoa kwamba kwa kila kilo unayopunguza, mwili unachoma kalori 20 hadi 30 pungufu kwa siku, na hamu ya kula inapanda kwa kama kalori 100. Weka hesabu kwa mtu aliyeshusha kilo 15. Mwili wake unachoma kalori 300 hadi 450 pungufu ya zamani, sawa na chapati moja au moja na nusu ya mafuta, kila siku ya Mungu. Wakati huohuo unamwambia ale zaidi kuliko alipokuwa mnene. Ukimwambia mtu huyo "nidhamu" bila kumwambia haya, unamfanya ajichukie kwa kitu ambacho mwili wa kila binadamu unafanya.

Huyo Hall aliwafuatilia pia washiriki 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito, The Biggest Loser. Walikuwa wameshusha wastani wa kilo 58 kwa mazoezi ya kufa mtu. Miaka sita baadaye, matokeo yalipotolewa 2016, wastani wa kilo 41 ulikuwa umerudi. Nidhamu walikuwa nayo, dunia nzima iliiona.

Sasa hoja yako ya mtu wa BMI 29. Sikumaanisha asimame maisha. Kusimama kunaweza kuwa mapumziko: miezi mitatu, sita, anatunza pale alipofika, anazoea kuishi na uzito huo, halafu kama kiuno na sukari bado vinadai, anashuka tena. Ninachokataa ni ile habari ya kushuka moja kwa moja kama ngazi haina pa kupumzikia. Anayejua kukaa kwenye 85 kwa nusu mwaka ana kitu mkononi. Aliyefika 72 kwa kukimbizana, akiwa hajawahi hata wiki moja kula chakula cha kukaa palepale, anaingia kwenye hatua ambayo hajawahi kuifanyia mazoezi.

---

Mama Mapacha Mbeya

Shangazi, shikamoo. Uzi umenigusa nimeona nijiunge.

Mimi shida yangu haiko kwenye mzani, iko mtaani. Nilikuwa na kilo 88, sasa nina 69, urefu wangu ni sentimita 164. Najisikia vizuri, napanda kilima cha nyumbani na ndoo bila kusimama. Lakini kila ninapopita ni "mama mapacha vipi, unaumwa?" Kwenye vikoba wameninong'ona mpaka mmoja akaniuliza uso kwa uso kama nimeshakwenda kupima. Mama mkwe anamwambia mume wangu "mkeo humtunzi". Shemeji kasema nimekanyaga waya. Mume wangu mwenyewe alinisapoti mwanzo, sasa na yeye kaanza kusema inatosha. Nimefika mahali naogopa kuvaa nguo ya kubana, najifunga kanga mbili.

Swali langu, je, watu wakisema inatosha wanaona kitu nisichokiona mimi? Au niwapuuze niendelee?

---

Nesi wa Zamu

Mama Mapacha, pole na hongera kwa pamoja. Niko kituo cha afya, haya ndiyo tunayaona kila wiki.

Jamii yetu ilipita kipindi kibaya. Miaka ya themanini na tisini, kabla dawa za kufubaza virusi hazijawafikia watu, kukonda ilikuwa ni habari ya msiba unaokuja. Kumbukumbu hiyo haijatoka. Kwa hiyo mtu mzima anayekuuliza "unaumwa?" wakati mwingine anakuogopea kwa dhati, kazika ndugu. Unaweza kumjibu kwa upole. Lakini woga wake haupimi afya yako. BMI yako ni 25 na ushee kidogo. Hapo hakuna mtu aliyekonda, ni macho yao yamezoea kilo 88.

Kupima ni vizuri kwa kila mtu bila kujali mwili wake. Nenda upime, uwe na jibu lako moyoni, na si lazima umwoneshe mtu wa vikoba.

Lakini niongeze jambo ambalo ni la lazima kwenye uzi huu. Tofautisha kupungua unakokutaka na kupungua kunakokuja kwenyewe. Kama umeshaamua kusimama, umeongeza chakula, na uzito bado unashuka wiki baada ya wiki, hiyo si mafanikio. Njoo kituoni. Kifua kikuu kinaanza hivyohivyo: kukohoa, homa, jasho la usiku, kupungua uzito. Kisukari ambacho hakijajulikana kinakondesha huku mtu anakunywa maji na kukojoa sana. Na yapo mengine. Nimepokea mtu aliyekuwa anashangilia mzani kumbe anaumwa.

Na zipo dalili za kusimama hata kama namba yako hujaifikia. Hedhi kuruka au kukatika. Kizunguzungu ukiinuka. Baridi muda wote. Nywele kutoka kwa wingi. Hizi huanza kutoka kama miezi miwili au mitatu baada ya kujibana, ndiyo maana watu hawaunganishi. Maumivu makali upande wa kulia chini ya mbavu baada ya kula mafuta, maana kushuka haraka sana kunaleta mawe kwenye kifuko cha nyongo. Kula kwa kujificha, au kulia baada ya kula. Ukifika chini ya BMI 18.5 hapo hakuna mjadala, unasimama na unarudi juu. Mwenye ujauzito hafanyi kabisa mambo ya kujipunguza, na anayenyonyesha asikimbize kilo.

---

Mama Mapacha Mbeya

Asante sana Nesi. Hedhi iko sawa, nywele ziko sawa. Kiuno sijapima, nitapita kwa fundi wangu kesho, ana gauni langu la sare ya harusi analipunguza mara ya pili.

---

Mtu wa Kisauni

Asalaam aleikum wote. Niko Mombasa, nafuatilia tangu jana.

Mimi niliposimama kilichonitatiza ni kujua nirudishe nini. Nilikuwa nimeacha mahamri kabisa, wali nakula kiganja, chai kavu. Kufika pale nilipopataka nikawa sijui: nikirudisha mahamri na mbaazi ya asubuhi, je, si ndiyo nimerudi kulekule? Nikabaki nakula vilevile kwa hofu, na mwili ukazidi kushuka, uso ukaingia. Mke wangu ndiye aliyeniambia sasa unafunga kitu gani, Ramadhani imeisha. Tukakubaliana turudishe kitu kimoja tu kwanza, tuone. Tukaanza na samaki mchana, kipande kikubwa zaidi na nazi kidogo. Uzito ukasimama. Baadaye mahamri yakarudi Ijumaa na Jumapili.

Nawauliza wajuzi, hii kuongeza kidogo kidogo ndiyo njia, au mtu anaweza kurudisha kwa mkupuo?

---

Shangazi wa Tabata

Waaleikum salaam kaka. Ulichofanya wewe na shemeji yetu ndiyo hasa ningemwambia mtu yeyote. Nitaeleza kwa nini, maana hapa ndipo wengi wanapoteana.

Siku ya kwanza ukiongeza wanga, mzani utapanda. Utapanda kilo moja, hata mbili, ndani ya siku chache. Hayo si mafuta. Mwili unahifadhi wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu inahifadhiwa na maji kama gramu tatu. Ulipokuwa unajibana akiba hiyo ilipungua na maji yakatoka, ndiyo maana wiki ya kwanza ya kila mtu inapendeza. Ukila tena kawaida, akiba inajaa na maji yanarudi. Kilo moja ya mafuta ni kama kalori 7,700. Mtu aliyeongeza viazi viwili na parachichi hawezi kutengeneza kilo mbili za mafuta kwa siku tatu. Lakini hapa ndipo mtu anaogopa, anarudi kufunga, anachoka, anaachia, na hajawahi kupata nafasi ya kuona mwili wake ukitulia.

Kwa hiyo ongeza kitu kimoja, kaa nacho wiki mbili, tazama. Nikikupa mfano wa sahani ya hapa kwetu: kama mchana ulikuwa unakula ugali wa ngumi moja, mchicha, maharage upawa mmoja na dagaa, basi ongeza nusu parachichi, au ugali uwe ngumi moja na nusu. Acha vyote vingine vilivyo. Uzito ukiendelea kushuka, ongeza kingine. Ukitulia, hapo ndipo chakula chako kilipo. Ukianza kupanda polepole kwa wiki tatu nne mfululizo, ulichoongeza mwisho kipunguze. Anza na protini na mboga kabla ya sukari, kwa sababu zinashibisha. Soda sizirudishi kwa mtu yeyote, huo ni msimamo wangu na sibishani.

Kwa mkupuo inawezekana kwa baadhi ya watu, ila hutajua ni kipi kilichokupandisha.

Halafu chagua kipande, usichague namba. Sema "mimi nakaa kati ya 68 na 71". Ukiwa ndani ya kipande hicho, ishi. Ukivuka juu na kukaa huko wiki mbili, unarudi kwenye sahani ya zamani kwa muda mfupi. Kuna mtafiti wa Rhode Island, Rena Wing, alitoa utafiti mwaka 2006 uliofanywa kwa watu ambao tayari walishapungua. Aliwapangia rangi kama za taa za barabarani: kijani endelea, njano angalia, nyekundu, yaani umeongezeka kilo mbili na kidogo, chukua hatua leo. Baada ya mwaka mmoja na nusu, kwenye kundi lililoachwa na vipeperushi tu asilimia 72 walikuwa wamerudisha kiasi hicho au zaidi. Kwenye kundi lililokutana ana kwa ana ni asilimia 46. Utaona hata hao waliosaidiwa karibu nusu waliteleza. Kutunza ni kazi ngumu, lakini mzani wa kila wiki na watu wa kukutana nao vinasaidia. Zile klabu za jogging za Jumamosi msiziache siku mkifika lengo. Nyie ndio mnaozihitaji zaidi.

---

Dereva wa Masafa

Shikamooni. Mimi ni dereva wa lori, Dar hadi Tunduma. Kisukari aina ya pili, kimegundulika mwaka juzi. Nimeshusha kilo 11 kwa kuacha chipsi mayai na soda za njiani. Natumia dawa mbili, moja metformin, nyingine glibenclamide. Sukari imekuwa nzuri mpaka juzi nikiwa Mikumi nilitetemeka, jasho jembamba, nikapaki. Je, nisimame hapa? Nimesikia mtu akipunguza sana kisukari kinaondoka.

---

Nesi wa Zamu

Kaka, ulifanya vizuri kupaki. Hiyo inaelekea ni sukari kushuka. Glibenclamide inasukuma kongosho kutoa insulini hata kama hujala, na mwili uliopungua kilo 11 hauhitaji dozi ileile. Kabla ya safari inayofuata muone daktari wako akupangie dozi upya. Usiikate mwenyewe kimyakimya na usiendeshe ukiwa na njaa. Weka glukosi au juisi yenye sukari kwenye kabini mahali mkono unafika. Hili liwafikie na wenye dawa za presha: ukishapungua, dozi ya zamani inaweza kukuangusha.

Kuhusu kisukari kuondoka, ulichosikia kina ukweli. Kuna utafiti wa Uskochi na kaskazini mwa Uingereza unaitwa DiRECT, kwa watu ambao kisukari chao hakijazidi miaka sita. Kwa mwaka mmoja, asilimia 46 ya waliowekwa kwenye mpango wa kupunguza uzito sukari yao ilikaa sawa bila dawa. Kwa waliopunguza kilo 15 au zaidi ilikuwa asilimia 86. Miaka miwili tangu kuanza, kwenye kundi lote la mpango huo waliokuwa bado sawa bila dawa walikuwa asilimia 36, na waliorudisha uzito kisukari kilirudi. Kwa hiyo kwako wewe kilo nne tano zaidi zina maana kubwa kuliko kwa Kijana wa Ubungo. Lakini zishuke ukiwa na daktari anayegusa dozi, na ukifika ujue kutunza, maana kwako kutunza ndiyo dawa yenyewe.

---

Shangazi wa Tabata

Hapa Nesi kasema neno. Mahali pa kusimama pa dereva na pa mtu asiye na ugonjwa hapafanani hata kama wana kilo na urefu uleule.

---

Jirani Mwema

Na sisi wa sindano za semaglutide, zile za kupunguza hamu ya kula? Daktari ameniandikia, nimepungua vizuri, sindano ni ghali sana, nataka kuacha nikifika 75.

---

Nesi wa Zamu

Ongea na aliyekuandikia kabla ya kuacha. Watu waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha dawa hiyo walirudisha wastani wa theluthi mbili ya kilo walizopunguza, kwa sababu hamu ya kula inarudi. Kama fedha haitaruhusu kuendelea, panga na daktari wako namna ya kuacha, na zoea kuanzia sasa sahani utakayobaki nayo. Na usinunue ya bei rahisi ya mitandaoni.

---

Chuma Hakiliwi

Nimesoma yote. Kwenye mapumziko ya katikati nakubaliana na wewe Shangazi, sikuwa nimelifikiria hivyo. Kwenye soda tuko pamoja. Ila nataka uongeze habari ya vyuma, maana watu wanakata chakula tu. Ukipungua bila mazoezi ya nguvu unapoteza na misuli, na ukirudisha uzito unarudisha mafuta zaidi kuliko misuli. Mtu asiye na jimu abebe ndoo, apige pushapu ukutani, achuchumae na kuinuka mara nyingi, mara mbili tatu kwa wiki. Anayetunza uzito asipofanya hivyo anatunza nusu.

---

Shangazi wa Tabata

Nakubali asilimia mia. Marekani wana daftari la watu waliopunguza angalau kilo 13 na nusu na kukaa nazo mwaka au zaidi, lilianzishwa 1994. Kila mmoja ana njia yake ya kupungua, lakini tisa kati ya kumi wanafanya mazoezi, wastani wa saa moja kwa siku, wengi kwa kutembea tu. Na robo tatu wanapanda mzani angalau mara moja kwa wiki. Kutembea Tabata hadi Buguruni asubuhi hakuna kiingilio.

---

Mama Mapacha Mbeya

Nimerudi. Kwa fundi kiuno kimesoma 83, nusu ya urefu wangu ni 82. Presha 118 kwa 76, sukari ya asubuhi 5.1, na nimepima yote, niko salama. Nimeamua nakaa kati ya 67 na 70, gauni lisipunguzwe tena. Sentimita moja ya kiuno nitaifuata kwa mazoezi ya Chuma, bila haraka.

Mume wangu nimemsomea uzi huu, kafurahi. Limebaki moja. Krismasi tunakwenda kwa mama mkwe, na yeye sahani anapakua mwenyewe. Pilau mlima, juu ndizi, juu nyama. Nikibakiza ni kesi ya ukoo. Nifanyeje, Shangazi?

---

Shangazi wa Tabata

Kula, mwanangu. Ule ushibe, umsifie pilau, na umsaidie kuosha vyombo. Siku mbili tatu za sikukuu hazirudishi kilo 19. Akitaka kuongeza mara ya pili, mwambie "mama, niwekee nibebe", atafurahi zaidi kuliko ungekula.

Usipande mzani siku ya kurudi, utasoma maji na chumvi uanze kulia bure. Rudi kwenye sahani yako ya kawaida, pima baada ya wiki, kwenye mzani uleule, asubuhi kabla ya chai. Ukiwa juu ya 70, subiri wiki ya pili. Ukiwa bado juu, punguza ulichoongeza mwisho kama tulivyosema pale juu.